Karata Zilizofunuliwa: Je, Uwazi na Hisabu Vyahalalisha Kamari?

Baadhi ya vijana wetu wametuletea swala ambalo halifai kupuuzwa, kwani limejengwa juu ya hoja, na hoja haijibiwi kwa makemeo. Wasema hivi: Kamari iliyokatazwa ni ile ya kubahatisha, ambayo mtu hutoa mali yake bila ya kujua kilichofichwa mbele yake. Basi mwaonaje mchezo ambao karata zote za mwenye nyumba zi wazi, masharti yake yajulikana na kila mtu, na mwenye kufaulu ni mwenye hisabu na subira? Hapana siri, hapana hila, na pande zote mbili zimeridhika. Haramu i wapi hapo?

Twawashukuru kwa kuuliza, maana aulizaye ni bora kuliko afanyaye kwa siri. Na kwa kuwa wanavyuoni husema kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu, tutaueleza kwanza mchezo wenyewe kama ulivyo, bila ya kuuongezea ubaya usiokuwa nao, kisha ndipo tutoe jawabu.

MCHEZO ULIVYO

Asili yake ni mchezo wa ishirini na moja, ambao katika nyumba za kamari za Marekani huitwa blackjack. Karata za namba huhesabiwa kwa namba zake, wazungu wote watatu huhesabiwa kumi kumi, na ree huhesabiwa moja au kumi na moja, lolote limfaalo mwenye nayo. Mchezaji hupewa karata mbili. Mgawaji wa nyumba naye hujipa mbili, moja akaifunua na moja akaificha. Mchezaji ana hiari ya kuongeza karata moja moja au kusimama. Akaribiaye zaidi 21 bila ya kuipita ndiye mshindi. Mgawaji yeye hana hiari: sharti aongeze mpaka afike 17. Wakilingana, kila mtu hubaki na mali yake. Na mchezaji akianza kwa ree na karata ya kumi, hulipwa dau moja na nusu.

Msomaji atauliza: Basi nyumba yapata wapi faida yake? Yaipata katika jambo dogo ambalo wengi hawalitii maanani. Mchezaji hutangulia kucheza. Akipita 21, dau lake huchukuliwa papo hapo. Na mgawaji akija akapita 21 naye, dau lile halirudi. Wote wawili wameanguka katika shimo moja, lakini alipaye ni mmoja tu.

Mwaka 1979 nyumba iitwayo Vegas World, ya Bob Stupak, katika mji wa Las Vegas, iliweka mezani namna nyengine ya mchezo huu, iitwayo Double Exposure. Nyumba hiyo haipo tena, lakini mchezo wake ulienea kwengine. Ajabu yake ni kwamba karata zote mbili za mgawaji hufunuliwa tangu mwanzo. Aonaye hayo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mwenye nyumba ameamua kugawa mali yake. Hakuamua hivyo. Alipokuwa akifunua karata kwa mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto alibadilisha masharti mawili. La kwanza: wakilingana, isipokuwa katika hali chache, dau ni la nyumba. La pili: ree na karata ya kumi hailipwi tena dau moja na nusu, bali dau kwa dau.

Masharti haya yaonekana madogo. Lakini katika mchezo wa asili, kulingana hutokea karibu mara 8 au 9 katika kila michezo 100. Na ree na kumi humjia mchezaji karibu mara moja katika kila mara 21. Hayo yote sasa yamepinduliwa kuwa ya nyumba. Alichopewa mchezaji ili akione, amekilipia kabla ya kukiona.

Tazama sasa jinsi mjuzi achezavyo. Mgawaji akiwa na 16, sharti aongeze karata. Na katika aina 13 za karata, aina 8 zitamvusha 21. Basi mjuzi husimama na chochote alichonacho kuanzia 12, na akiwa na jumla ndogo ifaayo, huzidisha dau lake maradufu. Hapo uwazi umemfaa kweli. Lakini mgawaji akiwa na 20, na mjuzi ana 19, afanyeje? Katika mchezo wa asili angesimama na 19 yake kwa furaha. Hapa kusimama ni kushindwa kwa yakini, kwani aiona ile 20 kwa macho yake. Basi hisabu yamlazimisha aongeze. Akipata mbili, ameshinda. Akipata ree, amefika 20 na bado ashindwa, sharti aongeze tena. Akipata nyengine yoyote, amekwisha. Na akiwa na 20 mbele ya 20, hali ni hiyo hiyo: yamlazimu aitupe 20 yake kutafuta ree. Huo ndio uwazi tulioambiwa kuwa ni uadilifu: mtu aonyeshwa waziwazi kwamba ashindwa, kisha aachiwe mlango mmoja katika kumi na tatu.

Na huyo ni mjuzi asiyekosea hata mara moja. Masharti mengine yakiwa mepesi, fungu la nyumba kwake ni chini ya shilingi moja katika kila mia. Akosaye ambaye hakujifunza, fungu lake la khasara ni kubwa zaidi. Hii ndiyo maana ya hisabu katika meza hiyo: yapunguza kasi ya kushindwa, haiondoi kushindwa.

HOJA YA ILIMU

Watatwambia: Lakini wako waliowashinda wenye nyumba kwa ilimu. Hilo ni kweli, wala hatulikanushi. Mwaka 1956 wanahisabu wanne waliokuwa katika jeshi la Marekani walitangaza katika jarida la wanatakwimu njia bora ya kucheza ishirini na moja, waliyoitafuta kwa mashine za kuhesabu za mezani. Mwaka 1962 mwalimu wa hisabu, Edward Thorp, akitumia kompyuta ya IBM, alitoa kitabu akathibitisha kwamba mwenye kuzihifadhi akilini karata zilizokwisha kutoka aweza kujua ni lini zilizobaki zina kheri naye, na hapo ndipo aweke dau kubwa. Hisabu yake ilikuwa sahihi.

Lakini tazameni yaliyofuata. Mwaka 1964 nyumba za Las Vegas zilibana masharti ya mchezo. Wateja walipopungua, baada ya muda mfupi zikayalegeza. Wenye kuhesabu karata walianza kutolewa nje. Katika jimbo la New Jersey, mmoja wao, Ken Uston, alishitaki, na mwaka 1982 mahakama kuu ya huko ikaamua kwamba mtu hawezi kufukuzwa kwa sababu ya kutumia akili yake. Basi nyumba zikajikinga kwa kuzidisha idadi ya karata na kuzichanga mapema. Katika jimbo la Nevada, ambalo ndani yake umo mji wa Las Vegas, mwenye nyumba bado aweza kumkataza mjuzi asicheze.

Wahenga walisema, akufukuzaye hakwambii toka. Huyu yeye humwambia. Kila karibisho la nyumba hizo lina sharti moja lisiloandikwa: karibu na akili yako maadamu haitoshi. Je, hilo ni shindano la ilimu? Mwalimu gani awapokeaye wanafunzi wajinga na kuwafukuza wenye kufaulu?

Na tukisema kwamba kijana mmoja kati ya maelfu amefaulu, akatoka na mali. Mali hiyo ni ya nani? Nyumba hailimi, haivui, haisafirishi. Ilichonacho ni kile walichokiacha walioshindwa jana. Basi mjuzi hakumshinda tajiri tu. Amepokea, kwa mkono wa tajiri, mshahara wa baba asiyemjua ambaye watoto wake wamelala na njaa. Ilimu yake ni ya kweli, na chumo lake ni lile lile.

Tena wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi walikwisha kulitazama swala hili la ustadi karne nyingi kabla ya Las Vegas kujengwa. Mpiga mshale ana ustadi kuliko mcheza karata yeyote, na mshale humfaa mtu katika jihadi. Hata hivyo walisema: zawadi ikitolewa na mtu wa tatu, yafaa, ikitolewa na mmoja wao, yafaa, lakini wote wawili wakiweka mali, ashindaye achukue zote, hiyo ni kamari, ila akiingia kati yao mshindani wa tatu ambaye hakuweka kitu. Ustadi ulikuwapo, na haukutosha. Ikiwa haukutosha kwa mshale, utatoshaje kwa ree?

HOJA YA UWAZI NA RIDHAA

Yabaki hoja yao kubwa: hapana kilichofichwa, na wote wameridhika.

Na waitazame maisir yenyewe, ile iliyoshukiwa na aya. Wafasiri wa Kurani husimulia kwamba Waarabu wa zama za ujahili walikuwa wakichinja ngamia, wakamgawa mafungu, kisha wakatoa mishale kumi kutoka mfukoni. Saba ilikuwa na mafungu, kuanzia moja mpaka saba. Mitatu haikuwa na kitu, na iliyomwangukia ndiye alipaye bei ya ngamia. Masharti yalijulikana na wote. Mtoaji wa mishale alikuwa mtu aaminiwaye. Walioingia waliingia kwa ridhaa yao, bali kwa fakhari. Na zaidi ya hayo, washindi hawakula ile nyama; waliwapa maskini, na asiyeingia aliitwa bakhili.

Basi uwazi ulikuwapo, ridhaa ilikuwapo, amana ilikuwapo, na sadaka ilikuwapo. Na juu ya yote hayo ikakatazwa. Katika Suratul-Baqara, aya ya 219, Mwenyezi Mungu hakukanusha kwamba ina manufaa kwa watu. Alibainisha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Na katika Suratul-Maida, aya ya 90 na 91, ameiweka pamoja na ulevi, akataja sababu: kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuilia kumkumbuka Mungu na Sala. Sababu hizo hazikujengwa juu ya karata kufichwa, hata karata ikifunuliwa zikaondoka.

Wala ridhaa peke yake haihalalishi mali. Mkopaji wa riba naye huridhika, na hutia sahihi kwa mkono wake. Biashara ina ridhaa na kitu kingine pamoja nayo: badala. Mvuvi atoa samaki, mnunuzi atoa fedha. Kila mmoja arudi nyumbani na alichokihitajia zaidi kuliko alichokiacha. Na msiseme kwamba mfanya biashara naye hubahatisha. Ni kweli kwamba chombo chaweza kuzama na bei yaweza kuanguka. Lakini khatari hiyo yafuata mzigo wenye manufaa kwa watu, na faida ya mwenye duka haingoji mwenziwe afilisike. Kwenye meza ya karata hapana mzigo. Khatari yenyewe ndiyo bidhaa, na shilingi haiingii mfukoni mwa huyu ila imetoka mfukoni mwa yule bila ya kitu kurudi.

NENO KWA WAZEE NA VIJANA

Zamani wazazi wetu waliambiwa kwamba kamari iko mbali, katika majumba ya taa nyingi. Leo iko ndani ya simu, chini ya mto wa kulalia, na meza yake haifungwi usiku. Hapo lile fungu dogo la chini ya shilingi moja katika mia lahesabiwe vizuri. Tuseme kijana aweka shilingi mia kwa kila mchezo, na kwa saa moja acheza michezo 60: zimepita mezani shilingi 6,000, na kwa wastani amepoteza kama shilingi 40. Atasema ni kidogo. Lakini saa moja yazaa ya pili, Alasiri yaingilia Magharibi, na khasara ya shilingi mia tano yamfanya atafute elfu ya kuirudishia. Fedha zaweza kuhesabiwa. Sala iliyopita na uwongo aliomwambia mkewe vyahesabiwa mahali pengine.

Nanyi wazee, msiwaambie vijana kwamba kamari ni ujinga mtupu usio na hisabu. Wao wamekwisha kuona kwamba ina hisabu, na mkisema hivyo watawadharau katika hilo na katika mengine. Waambieni ukweli: hisabu imo, na aliyeanza kuifanya ni mwenye meza, kabla ya kukuwekea kiti. Alipofunua karata zake alikwisha kujua kwamba kufunua hakutamdhuru.

Mtume (S.A.W.) alimwamrisha mtu amwambiaye mwenziwe njoo tucheze kamari atoe sadaka, kwa kule kutamka tu. Ikiwa neno tu lahitajia kafara, akili timamu haitafuti namna ya mchezo iliyo safi zaidi. Na kijana mwenye uwezo wa kuhifadhi karata 52 kichwani, hiyo ni neema aliyopewa na Mola wake. Ufundi, ilimu na biashara vyamngoja, na huko hatafukuzwa kwa kufaulu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuepushe na mali ya haramu, iliyofichwa na iliyofunuliwa. Wa billahi tawfiq.