Sauti Iingiayo Bila Hodi

Mwanangu, Jumamosi iliyopita uliponiletea kamioneti yako ya Hilux na kuniuliza namna ya kufunga besi ya kutikisa, sikukujibu papo hapo, nawe ukaondoka umenuna. Ulidhani mzee anachukia muziki. Miaka mingi nimekula kwa kutengeneza ampli na bafle katika mji huu wa Kisangani, kuanzia Makiso hadi ng'ambo ya mto, Lubunga. Siwezi kuchukia kilichowasomesha watoto wangu. Nilinyamaza kwa sababu ya neno moja ulilolisema: "Papa, nataka nikiwa bado Mangobo, watu wa Makiso wajue ninakuja." Nimekaa na neno hilo juma zima.

Kwanza kazi ya mikono, maana adabu ya fundi huonekana kwenye waya kabla haijaonekana barabarani. Ampli ya wati 1,000 kwenye umeme wa volti 13 huvuta ampea 80 au zaidi ikilia kwa nguvu zake zote. Alternata za kamioneti nyingi za zamani hutoa kati ya 60 na 80, na humo humo zipatikane za taa, za feni na za kuchaji betri. Ndiyo maana magari ya wenzako taa zinafifia kila besi inapopiga. Fikiri usiku wa mvua, njia ina mashimo, mbele yako kuna toleka amembeba mama na mzigo wake wa mihogo kwenye baiskeli isiyo na taa. Huyo mama maisha yake yanategemea taa zako, na taa zako zinacheza ngoma.

Waya mwekundu utoke kwenye betri ukiwa na fuzi yake karibu, isizidi nusu mita. Unapopenya kwenye bati linalotenga injini na abiria, uvishe mpira usije ukachubuka. Waya mnene uliochubuka ukigusa bodi ya gari hauanzi kwa moshi mdogo wa kukuonya, unawaka. Na nyuma wewe hubeba bidoni za mafuta za hawa kadhafi, wauza mafuta wa kando ya njia. Nimeona mafundi wakiruka fuzi ili kazi ikamilike kabla ya giza, na mwenye gari akishangilia kwa kuwa muziki umelia. Mtu wa namna hiyo usimpe ufunguo wa gari lako.

Sanduku tulijenge kwa plaiwudi ya milimita 18, ile mafundi wetu wanayoiita tripleksi. Zile mbao za unga uliogandishwa hufaa nchi kavu. Kwetu mvua haijui likizo, na mbao hizo zinanyonya unyevu, zinavimba na kuachia skrubu. Tia gundi kila ungio, ziba kila upenyo. Spika ya inchi 10 huridhika na sanduku lililofungwa la lita 20 hivi, na hilo tunaweza kulilaza nyuma ya kiti.

Nyuma ya kiti, nimesema. Wewe ulitaka nyuma kwenye bodi, mahali pa mizigo, spika nne zikitazama angani. Hapo ndipo tunapoachana. Kebini ya kamioneti ni ndogo, na nafasi ndogo iliyofungwa huzidisha sauti nzito yenyewe, bila ampli kubwa. Spika moja humo ndani itakujaza kifua. Ukiiweka nje kwenye bodi, sauti inatawanyika, na ili wewe dereva uisikie vile vile unahitaji nguvu mara nyingi zaidi. Kwa hiyo mwenye kufunga spika kwenye bodi hajifungii mwenyewe. Anawafungia watu ambao hawakumwomba.

Na besi, mwanangu, haizuiliki. Sauti nyembamba hupunguzwa hata na pazia. Lakini sauti ya mitetemo 40 kwa sekunde, wimbi lake moja lina urefu wa mita nane na nusu, ni refu kuliko chumba cha kulala cha nyumba nyingi za Mangobo. Ukuta wa udongo hauiwezi. Inapita, inafika kwenye mabati, inayatikisa, inamkuta mtoto mwenye homa ambaye ndiyo kwanza amepata usingizi. Sisi tulilelewa kwamba mlango wa mtu hauingiwi bila hodi, hata ukiwa wazi, hata akiwa ndugu yako. Ukisikia kimya, unapiga hodi ya pili na ya tatu, kisha unarudi ulikotoka. Sauti yako inaingia vyumba mia kwa usiku mmoja, na hakuna aliyeikaribisha.

Usiniambie ni mambo ya kisasa. Mji huu ulijua sauti inayosafiri mbali kabla ya betri ya kwanza kufika. Walokele wa mto huu walikuwa na lokole, gogo lililotobolewa mwanya, lenye mdomo wa sauti ya juu na mdomo wa sauti ya chini, likifuata kupanda na kushuka kwa lugha yao. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu hapo chini ya mto, alijifunza kulipiga na akachapa kitabu juu yake mwaka 1949. Lokole lilisikika kilomita kadhaa, lakini lilikuwa na neno: fulani amefariki, fulani amejifungua, njooni. Mpigaji alimtaja anayemwita. Hata Mingiedi Mawangu na wenzake wa bendi ya Konono Nº1 kule Kinshasa, waliotengeneza maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu, walikuwa na sauti ya likembe, ala ile ya kupigwa kwa vidole gumba, ya kuokoa isimezwe na kelele za jiji. Wewe ukipita Makiso saa sita usiku, unamwita nani?

Masikio yako nayo yana haki juu yako. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 mtu aweza kuivumilia saa 40 kwa juma. Ikifika 90, saa 4 tu.

Kuna jambo ambalo hukulijua kwa sababu hukuwa umezaliwa. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humu humu mjini. Makombora yaliangukia nyumba, na mamia ya raia walikufa. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa najaribu bafle kubwa uani kwangu, jioni, bila kumwarifu mtu. Nilipozima nilisikia kilio kwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Nilimkuta yule mama, mtu mzima, amelala sakafuni na wajukuu wawili amewafunika kwa mwili wake. Hakunigombeza. Aliniambia, "Papa, dirisha lilianza kutetemeka kabla sijasikia kitu. Hata siku zile, lilikuwa likianza dirisha." Nilimwomba radhi, nikarudi nyumbani, nikashindwa kula.

Bado anaishi pale. Jumamosi hii lete plaiwudi na spika yako, tufunge mchana. Kabla ya kuunganisha waya wa betri tutavuka barabara sisi wawili, tupige hodi kwake, tumweleze tutajaribu saa ngapi na kwa dakika ngapi. Wewe ndiye utakayesema, si mimi. Na akijibu kwamba leo hapana, tutakaa kidogo kumsikiliza, kisha tutarudi kufunika gari kwa turubai hadi siku atakayotuambia.