"Sisi" na Mikono ya Mtu Mmoja

Kabla jogoo wa kwanza hajawika Kamina, kuna nyumba ambayo mtu mmoja yu macho. Mara nyingi ni binti au mkamwana. Amemgeuza nkambo, mzee wa nyumba, ubavu, amebadilisha shuka lililolowa, na kwa mara ya tano amejibu swali lilelile kuhusu mume aliyekufa zamani: "Hajarudi bado kutoka stesheni?" Kukikucha atateka maji, atawasha makala, atasonga bukari. Na mchana jirani atasema kwa fahari: sisi hatutupi wazee wetu.

Huyo "sisi" ni nani?

Mwaka 1945, Placide Tempels, mmisionari Mfransisko wa Ubelgiji aliyeishi kati ya Waluba wa Katanga, alichapisha "La philosophie bantoue" huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Alidai kwamba kwa Waluba kuwapo ni kuwa na nguvu ya uhai, na nguvu hiyo huongezeka au hupungua kupitia wengine. Muntu hasimami peke yake. Wahenga huwapa wazee uhai, na wazee huwapitishia walio chini yao. Kwa fikra hiyo, kumlisha mzee uji ni kutunza kisima ambacho ukoo wote hunywa maji yake.

Basi vipi kuhusu anayechota? Kama nguvu hupungua mtu anapotengwa, binti aliyeachiwa mzee peke yake anapungua pia. Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin, alimkosoa Tempels na wafuasi wake kwa kuwapa watu wote wazo moja, kana kwamba hakuna mwenye mawazo yake mwenyewe. Ulikuwa mjadala wa vitabuni, lakini unaingia hadi jikoni. Ukoo unaposema "sisi", huenda kuna mmoja ambaye hakuulizwa.

Zamani kazi hiyo ilikuwa na mikono mingi uani. Kisha ikaja reli, iliyofika Port-Francqui, sasa Ilebo, mwaka 1928 na kuifanya Kamina kituo cha treni. Baadaye vijana wakafuata migodi ya Kolwezi na ajira za Lubumbashi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 40, inawapa watoto wajibu wa kuwasaidia wazazi. Kifungu cha 49 kinawapa wazee haki ya ulinzi maalumu. Kuhusu wajibu, Katiba imeandika "watoto", kwa wingi. Anayetuma pesa kwa simu ametimiza sehemu yake, na sehemu hiyo ni kubwa, maana dawa hununuliwa. Ila pesa haimgeuzi mzee ubavu usiku wa manane.

Uchovu huo una mzigo mwingine, nao ni hofu ya dhambi. Binti anamfokea mama yake, au kwa dakika moja anatamani yote yaishe, kisha analia akijiona amelaaniwa. Amri ya kuwaheshimu wazazi, ambayo Wakatoliki wanaihesabu ya nne na Wamethodisti ya tano, anaijua tangu utoto. Katika Biblia ya Kikatoliki, Yoshua bin Sira anamtaka mwana awe mpole hata akili ya baba yake inapofifia: kusahau kwa uzeeni kulijulikana kale. Lakini maandiko hayamwachi mbebaji. Katika Hesabu sura ya 11, Musa anamlalamikia Mungu kwamba amebebeshwa taifa zima kama mlezi anayebeba mtoto mchanga, na anaomba afe. Mungu hamkemei wala hamwambii avumilie zaidi. Anamwagiza akusanye wazee 70 wabebe pamoja naye. Huenda mahubiri juu ya subira yangekuwa mafupi zaidi kama sura hiyo ingesomwa mara kwa mara.

Mwili nao unatoa ushahidi. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani, Richard Schulz na Scott Beach, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima wenye miaka 66 na zaidi waliowauguza wenzi wao. Waliouguza huku wakielemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wasiouguza mtu, ndani ya miaka minne. Hawakuwa watu wa Katanga, lakini usingizi uliokatwakatwa hauna kabila.

Kuna hatari nyingine inayouma kuitaja. Mzee anayetembea usiku na kusema maneno yasiyoeleweka anaweza kuitwa mulozi, yaani mchawi, na mtu aliyechoka sana, asiye na wa kumweleza kwamba huo ni ugonjwa wa ubongo, huamini kwa urahisi zaidi.

Lakini mikono inaweza kutoka nje ya ukoo pia. Tempels mwenyewe, baada ya kitabu chake, alianzisha huko Kolwezi kundi la waumini lililoitwa Jamaa, ambamo watu wasio wa damu moja waliitana baba na mama. Katika makanisa ya Kimethodisti, akina mama wa kikundi cha Kipendano huwatembelea wagonjwa kwa nyimbo na sala. Wakifika kwa nkambo asiyeinuka kitandani, mmoja anaweza kubaki baada ya sala, akashika bakuli la uji, akamwambia binti: "Mama, nenda ukalale mpaka jua lizame. Mimi niko hapa."