Picha za Mji kwa Walio Ng'ambo

Mtu aliyehama mji wake haombi mengi kwa waliobaki, huomba picha. Mzanzibari aliyeko Maskati ataka kuiona Forodhani wakati wa jioni. Mgoa aliyebatizwa katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, naye sasa ni mzee huko Kanada, ataka kuiona minara yake miwili jinsi ionekanavyo kutoka baharini. Ni ombi jepesi, na kwa kuwa siku hizi watu wengi wana kamera ndani ya simu zao, kulitimiza ni kazi ya dakika chache. Walakini ndani yake limo swali la dhamiri: je, mpiga picha awapelekee mji waliouacha, au mji uliopo?

Litazameni jumba la Beit al-Ajaib. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, na kwa miaka mingi msafiri aliyefika kwa chombo aliuona mnara wake wa saa kabla hajakanyaga nchi kavu. Tarehe 25 Desemba 2020, siku yenyewe ya Noeli, lilipokuwa likitengenezwa kwa msaada wa Serikali ya Oman, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara ule, na watu wawili wakafa. Picha za jumba likiwa zima zingalipo tele, tena ni nzuri. Basi mgonjwa aliye ng'ambo akiuliza jumba lina hali gani, ni rahisi kumpelekea picha ya zamani na kunyamaza. Atafurahi, ataiweka karibu na kitanda chake. Nani ameumia?

Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake cha kupinga uongo, aliuweka mfano ulio mzito kuliko huu: baba aliye mahututi anauliza habari za mwanawe wa pekee, na mwana amekwisha kufa. Augustino hakuficha kwamba huruma ilimvuta sana. Hata hivyo hakuuruhusu uongo. Nasi hatuoni jinsi jumba liwezavyo kuruhusiwa lile alilonyimwa mwana. Tena aliye mbali ana haki ya kuomboleza kilichoanguka. Tukimficha, twamfanya mgeni katika msiba wa nyumbani kwake.

Hatusemi kwamba kila picha lazima ionyeshe jalala. Kuchagua si kudanganya. Aliyeomba mlango wa nakshi apewe mlango, napo nuru ya asubuhi ni njema.

Lakini liko jambo lililo gumu zaidi, wala halizungumzwi sana. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizoachwa baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 zilitwaliwa na Serikali, na watu wengine wakahamia humo. Watoto wao na wajukuu wao wamezaliwa mle mle. Aliyehama huomba roshani ya babu yake "bila nguo zilizoanikwa," ili ifanane na ile aliyoiacha. Twayaelewa machungu yake, maana wengi hawakuondoka kwa kupenda. Walakini mwenye kanga ile juu ya kamba ni mtu, tena ni jirani yetu. Hakuitwaa nyumba kwa nguvu zake, wala hana kwao kwingine. Kumwambia aanue nguo zake ajifiche ndani, ili nyumba ionekane kana kwamba inamngoja mwenyewe wa kwanza, ni kumwondoa mjini kwa hila, hata kama ni kwa dakika moja.

Basi anayetumwa kazi hii apige hodi kwanza, aseme picha ni ya nani na inakwenda wapi. Chini yake aandike tarehe. Na mama wa nyumba akitaka naye aonekane pale roshanini pamoja na wanawe, aachwe asimame.