Wazee Hawakuidai Ardhi Ile kwa Ajili ya Bangi

Wapendwa wa Arusha na wa Meru yote, wa Ngarenaro na Unga Limited, wa Usa River na Ngarenanyuki, na ninyi wa Kisimiri Juu ambao leo nawataja bila kuzunguka: sikieni.

Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu. Mfalme Ahabu akalitaka, akaahidi fedha, akaahidi hata shamba lililo bora zaidi. Nabothi akakataa, kwa kuwa urithi wa baba zake haukuwa kitu cha kupigiwa bei, na kukataa huko kukamgharimu uhai. Sisi wa mlima huu tunaijua habari hiyo hata Biblia ikiwa imefungwa. Novemba 1951 serikali ya mkoloni iliwafukuza Wameru kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuidai ardhi ya wazee wake, kwa nauli waliyochangishana wakulima maskini. Nauliza kwa uchungu: walijinyima hivyo ili wajukuu wao waje kupanda bangi katikati ya mahindi?

Maana ndiko tulikofika. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekwea Kisimiri Juu zaidi ya mara moja, ikafyeka bangi na kuichoma. Moto ukizimika, mbegu inarudi ardhini. Najua utetezi wa mkulima: nyanya zinaozea shambani, barabara ni mbovu, bei anapanga mchuuzi, lakini gunia la bangi linafuatwa hadi mlangoni. Siudharau utetezi huo. Ninyi mnaopanga bajeti, usikieni: anayefyeka shamba la mtu bila kumfungulia njia ya kuuza viazi vyake amefanya nusu ya kazi. Lakini wewe mkulima nawe nijibu: gunia lile likishaondoka mlangoni kwako, linakwenda wapi?

Linashuka mjini. Linagawanywa kete na misokoto, linafika kijiweni, linamkuta kijana. Ni kijana gani? Tafiti za nchi nyingi zinamwonyesha yuleyule: wa kiume kuliko wa kike, mdogo wa umri, hana kazi ya kueleweka, sigara na pombe amekwisha kuzizoea, na rafiki zake wanavuta. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 228 duniani walitumia bangi. Usijifariji kwa wingi huo. Huyo mmoja aliyefikiwa na gunia lako ana mama, na mama yake huenda mnasali naye benchi moja.

Sitawatisha kwa uongo, kwa sababu vijana wakitugundua tunadanganya hawatatusikiliza tena. Si kila anayevuta anarukwa na akili. Lakini takriban mmoja kati ya kumi huwa mtumwa wa bangi, na walioanza wakiwa wadogo ni karibu mmoja kati ya sita. Mwaka 1987 watafiti wa Sweden walitoa habari za vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini, waliofuatiliwa kwa miaka 15. Waliokuwa wamevuta sana kabla ya kuandikishwa waliugua ugonjwa wa akili wa skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa hadi kwenye miaka 25. Chalii wa miaka 14 anapopewa msokoto, anaguswa mahali ambapo Mungu bado anajenga.

Na hapa ndipo moyo wangu unapowaka. Kisimiri hiyohiyo ina shule ya sekondari ya serikali, huko juu mlimani, kwenye baridi. Mwaka 2016 Shule ya Sekondari Kisimiri iliongoza taifa zima katika mtihani wa kidato cha sita. Ikaongoza tena 2019. Ikaongoza tena 2020! Mlima mmoja, udongo mmoja. Nani basi atasema watu wa Kisimiri hawana jingine la kuipa nchi hii?

Wazazi, nina neno nanyi. Kijana anaanza kuongea peke yake usiku, anaona maadui ukutani, nanyi mnasema karogwa. Mnamfungia chumbani, mnatafuta mganga, mnaficha ili majirani wasijue. Huo ni ugonjwa, na una tiba. Nasi wahubiri tumekosea tunapomtaja mvutaji madhabahuni kama takataka, kisha tunashangaa haji. Mwombeeni, naam, na mkimaliza kumwombea mpelekeni hospitali.

Nawe kijana uliyeshika msokoto ukisubiri abiria kwenye pikipiki: hasira yako ya kukosa kazi ni ya haki. Moshi huo hautakupa kazi. Utakunyang'anya nguvu ya kuidai, nawe ni mjukuu wa watu waliodai haki yao mpaka New York.

Mkulima wa Kisimiri, msimu ujao panda viazi, na ukikosa barabara njoo tukapige hodi pamoja kwa mkuu wa wilaya. Mzazi, mpeleke mwanao Hospitali ya Mount Meru wiki hii. Usimwagize mtu, msindikize mwenyewe.