Gogu na Magogu katika Vitabu Vitatu

Miongoni mwa bishara za kiyama, yaani mwisho wa dunia na hukumu yake, ni chache zinazoonyesha undugu na tofauti za Uyahudi, Ukristo na Uislamu kama ile ya Gogu na Magogu. Katika kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 38 na 39, Gogu ni mtawala wa nchi ya Magogu anayeivamia Israeli iliyorejea kutoka uhamishoni, akaangamizwa na Mungu mwenyewe, hata silaha zake zikawa kuni kwa miaka 7 na maziko ya jeshi lake yakachukua miezi 7. Ufunuo wa Yohana, sura ya 20, unayapanua majina hayo yawe mataifa ya pembe zote za dunia, yanayodanganywa na Shetani baada ya kifungo chake cha miaka 1000, kisha yakateketezwa kwa moto kutoka mbinguni. Kurani, katika Sura ya Al-Kahf, inawaita Yaajuju na Maajuju, waharibifu waliozuiwa na mtawala Dhulkarnaini kwa boma la chuma na shaba iliyoyeyushwa, ambalo litabomolewa ahadi ya Mwenyezi Mungu itakapotimia.

Hivyo bishara ya kwanza inalifariji taifa, ya pili inauhukumu ulimwengu, na ya tatu inakumbusha kwamba amani ya leo ni rehema yenye muda wake. Hata hivyo, Talmudi ya Wayahudi inawalaani wanaopiga hesabu za mwisho, nazo Injili ya Marko na Kurani zinasema saa hiyo inajulikana na Mungu peke yake. Basi anayetangaza tarehe anapinga mafundisho ya dini zote tatu.