Jifya Moja Haliinjiki Chungu



Swali tunalotaka kulitazama pamoja katika toleo hili ni la zamani, lakini halijazeeka. Mtu aliyejaliwa kuipenda kazi fulani kwa moyo wote, iwe ni kuimba, kuchora, kuchonga, kushona au kufundisha watoto, afanye nini ili mapenzi yale yasife? Na yakifa, kosa ni la nani?

Kwa kawaida tunajibu upesi kwamba kosa ni lake mwenyewe. Hakuwa na bidii. Alikata tamaa mapema. Tunamkumbuka yule mtumwa wa Mathayo 25 aliyeifukia talanta yake ardhini, nasi twatikisa vichwa. Lakini kabla hatujamhukumu mtu yeyote, hatuna budi kukiri jambo lililotokea hapa hapa kwetu.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa kwaya alituletea daftari. Ndani yake mlikuwa na nyimbo alizozitunga mwenyewe, maneno yake yametoka katika Zaburi na mahadhi yake yametoka katika ngoma za mavuno alizozisikia kwa bibi yake. Alizitunga usiku, baada ya kurudi shambani, kwa mwanga wa koroboi. Sisi tuliokuwa katika kamati tulilifungua daftari lile, tukasoma ukurasa mmoja au miwili, mmoja wetu akacheka kidogo. Tukamwambia kwamba kitabu cha nyimbo tulicho nacho chatosha, na kwamba mambo ya ngoma yabaki huko huko kwenye ngoma. Hakubisha. Alilichukua daftari lake akasema, "Asanteni, wazee." Aliendelea kuimba mwaka mmoja hivi, kisha akaacha kwaya. Hadi leo huja kanisani, hukaa kiti cha nyuma, na wimbo unapoimbwa midomo yake haifunguki.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu alicheza kwao, wala hakutuzwa. Je, talanta ile aliifukia yeye, au tuliifukia sisi huku yeye ameshika jembe?

Hebu tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 31. Mungu anapotaka hema lake litengenezwe, anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza Roho wake ili awe na hekima ya kufanya kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Tuangalie vizuri: hapa anayejazwa Roho wa Mungu ni fundi, na Roho yule anakaa katika vidole vyake. Basi asiseme mtu kwamba kazi ya mikono ni jambo la dunia lisilomhusu Mungu. Tena Bezaleli hakuachwa peke yake. Hapo hapo Mungu anampa mwenzake, Oholiabu, wa kabila jingine. Na katika sura ya 35 tunaambiwa kwamba wote wawili walitiwa moyoni nia ya kuwafundisha wengine. Wanawake wenye ujuzi walisokota nyuzi kwa mikono yao. Watu wakaleta vitu kila asubuhi, hata mafundi wakalalamika kwa Musa kwamba vimezidi, ikabidi itangazwe kambini watu waache kuleta. Tunajiuliza ni lini mafundi wa kanisa letu walilalamika kwamba tumewasaidia kupita kiasi!

Wahenga walisema pia kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Kila aliyepika kwa kuni anajua maana yake. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Ukiondoa moja, chakula humwagika na moto huzimika. Sisi twaona kwamba karama ya mtu nayo hukaa juu ya mafiga matatu: imani, wenzake, na ubunifu.

Tunao mfano wa karibu na siku zetu, nao unatoka katika Kanisa letu la Anglikana katika nchi jirani ya Kenya. Murang'a, mji ambao zamani za ukoloni uliitwa Fort Hall, kuna kanisa kuu lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Zilikuwa siku za uchungu mwingi. Ndugu alimwogopa ndugu, na kila nyumba ilikuwa na msiba wake. Ndani ya kanisa lile, mnamo mwaka 1959, mchoraji kijana aitwaye Elimo Njau alichora ukutani picha tano kubwa za maisha ya Bwana wetu: kuzaliwa kwake, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, Gethsemane, na Msalaba. Kristo aliyemchora ni Mwafrika, na nchi inayoonekana nyuma yake ni ya milima na mabonde ambayo waumini wa pale waliijua kwa miguu yao wenyewe.

Bwana Njau alizaliwa mwaka 1932 Marangu, katika miteremko ya Kilimanjaro. Hakuwa mwenyeji wa Murang'a. Lakini kanisa lile lilikubali kumpa kijana mgeni kuta zake, mahali patakatifu ambapo watu watatazama kila Jumapili kwa vizazi na vizazi. Hilo si jambo dogo. Mchoraji anaweza kuwa na rangi, na mkono mwepesi, na imani, lakini asipopewa ukuta picha yake itabaki kichwani.

Tena ukuta ule wa Murang'a haukuwa wa kwanza kufunguliwa. Kabla yake kulikuwa na kibaraza. Katika miaka ya 1930 mama mmoja Mwingereza na Mkristo, Margaret Trowell, alianza kuwafundisha vijana uchoraji katika kibaraza cha nyumba yake mjini Kampala. Kutoka katika mafunzo yale kikakua chuo cha sanaa cha Makerere. Aliwahimiza wanafunzi wake wachore waliyoyaona katika nchi yao, wasiige picha za Ulaya. Mmoja wa waliopita pale ni Sam Ntiro, mwana wa Kilimanjaro, ambaye baadaye alifundisha hapo hapo Makerere na kisha akawa Balozi wa Tanganyika mjini London. Bwana Njau naye alisoma Makerere. Basi tunaona mnyororo: mtu alimfungulia mtu mlango, naye akamfungulia mwingine.

Mwaka 1965 Bwana Njau na rafiki zake, wachoraji na waandishi, miongoni mwao Rebeka Njau, mwandishi wa tamthilia na riwaya, walianzisha mjini Nairobi nyumba ya sanaa iliyoitwa Paa ya Paa. Kila msemaji wa Kiswahili hulitambua fumbo lililomo: paa ni mnyama mwenye mbio, na kupaa ni kwenda juu. Huko vijana walifundishwa kwamba kuiga ni kumlaza Mungu usingizi, kwa maana Mungu ni Muumba, na anayeiga tu anakataa kuumba pamoja naye. Kisha mwaka 1997 moto ukaiteketeza nyumba ile, na kazi nyingi zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka thelathini zikawa majivu. Mtu wa miaka sitini na mitano angeweza kusema imetosha. Bwana Njau na mkewe Phillda hawakusema hivyo. Walianza tena, wakisaidiwa na marafiki, na vijana wakaendelea kwenda pale kujifunza.

Sasa turudi kwenye mafiga yetu.

Figa la kwanza ni imani. Faida yake kubwa ni kumkumbusha mtu kwamba kazi si mali yake. Mtu anayefanya kazi kwa ajili ya sifa huacha siku sifa zinapokoma, na anayeifanya kwa ajili ya fedha huacha fedha zinapokatika. Lakini anayejua kwamba amekabidhiwa hawezi kuitupa kwa sababu tu leo hakuna aliyempigia makofi. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo aichochee karama iliyo ndani yake. Kuchochea ni neno la jikoni. Moto wa kuni hauwaki wenyewe. Ukiuacha mchana kutwa utakuta majivu. Mwenye karama naye auchochee wake kwa sala, na kwa kufanya kazi kidogo kila siku, hata siku asiyojisikia. Bandu bandu huisha gogo.

Figa la pili ni wenzetu. Tumkumbuke Eliya chini ya mretemu, akiomba afe. Mungu hakumkemea kwa uvivu. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Baadaye, huko Horebu, akamwambia kwamba wako watu elfu saba ambao hawakumpigia Baali goti, akamtuma kwa Elisha awe mwenzake. Chakula, usingizi na mwenzi: hiyo ndiyo dawa Mungu aliyompa nabii aliyekata tamaa. Mara nyingi sisi humpa aliyekata tamaa hotuba.

Figa la tatu ni ubunifu. Wengine hudhani ubunifu ni wa wasanii tu. Sivyo. Ubunifu ni kukataa kusema "njia imefungwa" kabla hujajaribu kichochoro. Mtume Paulo alipokuwa Korintho alikaa na Akila na Priskila wakashona mahema pamoja, naye kila sabato akahubiri. Mahema hayakumzuia kuhubiri, bali yalimlisha ili ahubiri. Mama asiye na cherehani aweza kuanza kwa sindano ya mkono. Mwalimu asiye na vitabu aweza kuwafundisha watoto kuhesabu kwa mbegu. Tena ubunifu huyaokoa mapenzi yenyewe, maana mtu anayerudia jambo lile lile kwa namna ile ile miaka yote huishia kulichukia.

Lakini hapa msomaji aweza kutuuliza kwa haki: Je, kila kitu mtu akipendacho sana ni wito wa Mungu? Yuko baba anayeacha watoto bila chakula kwa sababu ya gitaa lake. Yuko anayeita ubishi wake wito. Tukubali kwamba hatari hiyo ipo, kwani hata kitu chema chaweza kugeuzwa sanamu. Sisi twafikiri kuna njia za kupima. Je, kazi yangu yanifanya niwe mpole zaidi kwa walio nyumbani mwangu, au mkali zaidi? Je, naweza kukosolewa bila kununa? Je, ningeifanya hata kama jina langu lisingetajwa? Je, yuko mtu mwingine aliyepata nuru, faraja au chakula kwa sababu yake? Anayeweza kujibu maswali haya bila kuona haya aendelee, na asiogope. Asiyeweza asiitupe karama yake. Aitubie namna anavyoitumia. Na vipimo hivi havifanyi kazi kwa mtu aliyejifungia peke yake. Nani atamwambia kwamba amekuwa mkali, kama hana mwenzake? Hata kwa kujipima tunawahitaji wengine.

Basi jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili. Mwenye karama atatoa hesabu mbele za Mungu kwa yale aliyopewa, wala hatumwondolei wajibu huo. Lakini na sisi tutatoa hesabu kwa karama zilizoletwa mlangoni petu mikononi mwa wengine. Bwana atatuuliza juu ya kuta tulizozinyima, na juu ya kicheko chetu.

Tunaomba kila nyumba ya mtaa wetu ifanye jambo moja mwezi huu. Mtafuteni mtu mmoja ambaye zamani alipenda kazi njema akaiacha. Msimhubirie. Muulizeni kwa nini aliacha, mkasikilize jibu mpaka mwisho. Pengine anahitaji saa moja ya mtoto wake kutunzwa, au meza, au kopo la rangi, au mtu wa kumwambia kwamba amemkumbuka.

Na sisi tunaoandika haya hatuwezi kuwaomba ninyi jambo ambalo wenyewe hatulifanyi. Siku mtakayolisoma gazeti hili, wawili kati yetu tuliokaa katika kamati ile tutakuwa tumekwishakwenda nyumbani kwa yule ndugu wa kiti cha nyuma. Hatuendi kumrudisha kwenye kwaya; hiyo ni hiari yake. Tunakwenda kumwomba radhi, na kama daftari lile bado lipo, kumwomba atuimbie wimbo mmoja hapo hapo uani kwake. Kama halipo tena, tutakaa naye hata hivyo.

Ee Mungu Muumba wetu, uliyemjaza Bezaleli Roho wako na kumpa Oholiabu awe mwenzake, utusamehe moto tulioumwagia maji. Utufundishe kuchochea ulio wetu na kuulinda wa jirani, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.