Pembe Zilihesabiwa, Roho Hazikuhesabiwa

Pori halimharibu mtu. Kinachomharibu ni mamlaka yasiyo na wa kuyahoji.

Joseph Conrad alisafiri kwa meli katika Mto Kongo mwaka 1890, nchi ikiwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na mwaka 1899 akachapisha riwaya yake, Heart of Darkness. Ndani yake, mhusika Kurtz anaingia porini na maneno matamu ya ustaarabu, kisha anaishia kulundika pembe za ndovu na kutundika vichwa vya watu juu ya vigingi, nyuso karibu zote zikiielekea nyumba yake. Hakulogwa na msitu: alikuwa na bunduki, alisifiwa kwa wingi wa pembe, na waliomtuma walihesabu mzigo bila kuhesabu roho. Tusimsikitikie Kurtz peke yake, kwa maana kila kichwa kilikuwa cha mtu mwenye jina na mama wa kumlilia, na jina hilo riwaya haikulitaja.

Leo, kabla ya kusifu faida ya yeyote, tuulize kwanza nani aliyeilipia.